Tulivyoonja Vyakula vya Soko la Darajani

Kila mwaka, wanafunzi wapya wakisha kuizoea shule na kuanza kunijua, hutokea mmoja akanyosha mkono katikati ya somo la Kiswahili na kuuliza: "Mwalimu, ni kweli ulitema tunda mbele ya bibi mzee huko Unguja?" Habari hiyo imekaa bwenini tangu mwaka 2019, na kila inapohama kitanda huongezwa chumvi. Nimesikia ya kwamba nalifukuzwa sokoni. Nimesikia ya kwamba nalizimia. Hayo si kweli. Basi mhariri wa kurasa hizi ameniomba niandike jinsi ilivyokuwa, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba nipewe nafasi ya kueleza soko lenyewe pia, maana safari ile haikuwa ya doriani peke yake.

Ilikuwa mwezi wa Januari, 2019, wakati wa likizo. Twalikuwa wanafunzi kumi na mmoja na walimu wawili. Kutoka Kampala mpaka Dar es Salaam twalikwenda kwa basi, na safari hiyo sitaisimulia, kwa kuwa mtu aliyekaa ndani ya basi muda mrefu namna ile hana habari ila ya magoti yake. Kutoka Dar es Salaam twalivuka kwa meli ya mwendo wa kasi, kama saa mbili hivi, tukafika Unguja jioni.

Mwalimu mwenzangu, yule wa jiografia, ndiye aliyepanga tutembezwe katika soko la Darajani na kiongozi aliyezoea kuwaonjesha wageni vyakula. Mimi naliona kuwa ni upuuzi. Kwetu Kampala tunaingia Nakasero na Owino bila kulipa senti. Kwa nini mtu atoe fedha ili aonyeshwe nyanya? Lakini mwenzangu ndiye aliyeshika mfuko wa safari, nami nikanyamaza.

Kiongozi wetu alikuwa mtu wa makamo, amevaa kofia iliyodarizwa, na kitambulisho chake cha kazi kinaning'inia kifuani. Alitungoja mlangoni pa soko saa mbili ya asubuhi. Kabla hatujaingia alitukusanya chini ya kivuli akatupa masharti yake. "Kuonja si kula," alisema. "Anayetaka kushiba atashiba baadaye. Sasa sikilizeni. Tumieni mkono wa kulia. Msishike cha mtu kabla mwenyewe hajakupeni. Na la mwisho: kitu kikishaingia kinywani, kimezeni. Kikikushindeni kabisa, geukeni pembeni, mtoe kwa karatasi polepole. Lakini msiteme mbele ya mwenye mali. Mwenye mali ndiyo riziki yake hiyo." Nami, kwa kuwa ni mwalimu, nikayarudia masharti yote kwa sauti kubwa, nikawauliza wanafunzi wangu kama wamesikia. Wakajibu kuwa wamesikia. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni.

Nalimwuliza kiongozi kama wauzaji hawaoni hasara kuonjesha watu kumi na watatu bure. Akacheka. "Bure? Alfajiri mimi nimekwisha pita hapa, kila mmoja nimempa chake. Muuzaji anayeonjesha bure leo, kesho atafunga biashara." Akanieleza bila kuficha kwamba karibu nusu ya fedha tulizomlipa huzigawa kwa wauzaji, na yeye hubaki na nyingine kwa kazi ya kueleza. Tena ana mpango wake wa kuonjesha: kwanza vitu baridi na vya maji, halafu vikali, halafu vitamu, na kahawa mwisho. Ukianza na pilipili, alisema, ulimi hulala usiamke mpaka adhuhuri.

Jina la Darajani lina maana yake. Zamani palikuwa na mkono wa bahari uliopita mahali hapo, ukiutenga Mji Mkongwe na upande wa Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Mkono ule wa bahari ulikwisha kufukiwa, daraja halipo, lakini jina limebaki. Jengo la soko lilijengwa mwaka 1904, wakati wa Sultani Ali bin Hamoud, nalo lina paa refu la vigae vyekundu lionekanalo toka mbali.

Kwanza tuliingia upande wa samaki. Hapo hatukuonja kitu, ila tulisimama muda mrefu kuliko mahali pengine pote, kwa sababu ya mnada. Samaki huwekwa chini juu ya saruji, mmoja mmoja wakiwa wakubwa, au kwa mafungu wakiwa wadogo, na dalali husimama juu yao akitaja bei. Hakuna mizani. Mnunuzi hupima kwa jicho, huongeza bei kwa kuinua kidole au kwa kutikisa kichwa tu, na mara dalali husema amekwisha uza, samaki mwingine. Wanafunzi wangu wawili ni watoto wa wavuvi wa ziwani. Mmoja aliniambia kwa sauti ndogo: "Mwalimu, hapa kila mtu anasikia bei." Kwao, alisema, mwenye gari la barafu hunong'ona na baba yake pembeni, na mwenzake wa mtumbwi wa pili hajui yule kalipwa kiasi gani. Nalimwona akiandika katika daftari lake namna dalali anavyofanya, hatua kwa hatua, na sikumwuliza zaidi.

Hapo tuliwaona changu, tasi, kolekole, nguru, na jodari mmoja mkubwa kama mtoto wa darasa la pili. Pweza walikuwa wamelundikwa ndani ya beseni. Kiongozi alitueleza kuwa bei ya pweza hufuata mwezi: wakati wa bamvua maji hukupwa mbali sana, wanawake wakatembea juu ya miamba na kuwachokoa mashimoni, na hapo pweza huwa wengi. Dagaa nao hufuata mwezi, lakini kinyume. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu na wavuvi hulala. Wale watoto wa ziwani wakapiga makofi, kwa sababu mukene wa kwetu huvuliwa vivyo hivyo kwa taa, na mbalamwezi ikitoka wavuvi wa huko nao hulala. Dagaa wa Unguja huchemshwa katika maji ya chumvi na kuanikwa, na sehemu kubwa yao husafirishwa hadi Kongo. Mtu wa Lubumbashi hula samaki wa bahari ambayo pengine hataiona maisha yake yote.

Upande wa mboga ndipo Kiswahili changu cha vitabuni kilipoanza kuchechemea. Nyanya huko huitwa tungule. Na kuna jambo la hatari zaidi. Mimi naliwafundisha wanafunzi kwamba pilipili hoho ni ile kubwa isiyo kali, kama ilivyo Nairobi na bara. Unguja, hiyo isiyo kali ni pilipili boga, na hoho ni ile ikuchomayo mpaka masikioni. Muuzaji alipouliza ni nani ataonja hoho, kijana wetu mmoja alijitokeza kwa ushujaa wa mtu aliyepata alama nyingi katika msamiati. Alimeza, kama alivyoagizwa. Machozi yalimtoka, lakini alimeza. Baadaye alinitazama kwa namna ambayo nailewa.

Nazi ilimtuliza. Tulionja kwa mpangilio wa umri wake, na sijawahi kuona somo la lugha lililo jema kuliko hilo. Tunda likiwa changa kabisa ni kidaka. Likikua kidogo ni kitale. Likijaa maji matamu na nyama laini iliwayo kwa kijiko ni dafu. Nyama ikianza kuwa ngumu na maji kupoteza utamu ni koroma. Ikikauka, ndiyo nazi yenyewe ya kukunwa na kukamuliwa tui. Sisi ambao hatuna minazi huita vyote "nazi", na hatuoni kwamba tumekosea. Lakini mtu wa Unguja aliyetumwa dafu akaleta koroma hugombezwa kama mtu wa kwetu aliyetumwa ndizi za matooke akaleta ndizi za kuiva.

Katika viungo tulikaa kama nusu saa. Tulionja iliki, tukatafuna mdalasini, tukaonyeshwa kungumanga pamoja na basibasi, ule wavu mwekundu unaoizunguka, vitu viwili vya tunda moja. Karafuu tulipewa mbichi na kavu ili tulinganishe. Wengi wetu tulidhani karafuu ni mbegu. Siyo; ni ua ambalo halijachanua. Huchumwa likiwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na wekundu, likaanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka ligeuke jeusi la hudhurungi. Vijiti vyake, viitwavyo makonyo, navyo havitupwi, bali hukamuliwa mafuta. Mche wa karafuu si wa asili ya huko. Ulitoka visiwa vya Maluku, ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mashamba mengi ya Unguja, ndipo Pemba ikawa mbele kwa karafuu hata leo.

Kuhusu zafarani kiongozi alituvuta kando. "Zafarani haioti hapa," alisema. "Ya kweli hutoka Iran na Kashmir, ni nyuzi za ndani ya ua, na bei yake si mchezo. Ukiuziwa mfuko mkubwa kwa bei ya peremende, ujue umenunua rangi." Mwalimu wa jiografia akaitazama mifuko mitatu aliyokwisha nunua asubuhi ile nje ya nyumba ya wageni, akairudisha katika mkoba wake bila neno.

Kisha kiongozi alitupitisha vichochoro vichache mpaka Mkunazini, mbele ya kanisa kubwa. "Hapa hatuonji chochote," alisema, akavua kofia yake akaishika mkononi. Palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na kanisa likajengwa mahali pale. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wake, ndiye aliyeandika vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili ambavyo wazungu wengi walijifunzia. Watu waliouzwa hapo walitembezwa kutoka bara, wengine kutoka pande za maziwa. Nao wengi walibaki papa hapa kisiwani wakichuma karafuu, kwani utumwa wenyewe uliendelea katika mashamba mpaka ulipoondolewa kisheria mwaka 1897. Msichana mmoja alikuwa bado anatafuna karafuu yake kavu. Aliitoa, akaifunga katika leso.

Tuliporudi sokoni ndipo tulipofika kwa bibi wa matunda.

Alikuwa ameketi juu ya kigoda, amejifunga kanga, mbele yake maembe, mafenesi, shokishoki nyekundu zenye nywele, na doriani sita au saba zenye miiba. Tulimwamkia: "Shikamoo, bibi." Akaitikia: "Marahaba wanangu, karibuni." Alitupasulia shokishoki, ikapendwa na wote. Kisha akachukua kisu kikubwa akapasua doriani.

Asiyeijua harufu ya doriani sijui nimwelezeje. Ni kama kitunguu kilichooza kikavikwa sukari. Hilo ni tunda la Asia ya Kusini-Mashariki, na watu wa Unguja hulipenda mno. Lakini wenye mahoteli wengi hawataki liingizwe ndani. Wanafunzi wakarudi nyuma hatua moja. Bibi akatazama huku na huku, akanichagua mimi: "Mwalimu aanze, watoto watafuata." Akanipa kipande kwa mkono wake mwenyewe. Nikakiweka mdomoni. Kilikuwa laini kama siagi, nayo harufu ikapanda puani kutoka ndani, mahali ambapo mtu hawezi kujiziba. Nami nikatema. Sikugeuka pembeni, sikutumia karatasi. Nalitema mbele ya kigoda chake, karibu na miguu yake.

Hakuna mwanafunzi aliyecheka. Lingekuwa jambo jepesi kama wangecheka. Watu wa vibanda vya jirani walinyamaza. Kiongozi aliniinamishia macho, na naliona kwamba hakuwa na hasira kwa ajili yangu, bali hofu kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu kesho na kesho kutwa alitakiwa kuwaleta wageni wengine kwa bibi yule yule. Nikasema: "Samahani sana, bibi." Yeye akachukua ufagio wake wa njukuti, akafagia kile kipande polepole, akasema: "Hukunikosea mimi, mwalimu. Umekosea tunda." Kisha akafunika doriani kwa gunia.

Tulikwenda kukaa katika kibanda cha urojo. Urojo ni mchuzi mwepesi wa unga, wa rangi ya manjano, wenye uchachu wa embe mbichi au wa ndimu, ambao hutiwa bajia, kachori, viazi, mishikaki, muhogo uliokaangwa, na chatine juu yake. Bakuli lilikuwa shilingi 2,000 za Tanzania, na wanafunzi waliokuwa wameambiwa wasishibe walishiba. Baada yake ilikuja halua, nyororo na yenye kung'aa, ipikwayo kwa wanga, sukari na samli katika sufuria kubwa, ikikorogwa saa nyingi bila kupumzika. Desturi yake ilitoka Omani. Huliwa pamoja na kahawa chungu isiyo na sukari, katika vikombe vidogo, kutoka katika dele la shaba lenye makaa chini yake. Mwenye kahawa alipojua kwamba tunatoka Uganda aliuliza kama kwetu kahawa ni bora kuliko hiyo. Ilitupasa kusema kweli kwamba tunailima kwa wingi na kuwauzia watu wa ng'ambo, na nyumbani tunakunywa chai.

Mimi sikuonja halua. Naliwaza jinsi nitakavyosimama darasani na kumwambia mtoto ashike adabu.

Ndipo yule msichana wa karafuu alipokuja akakaa karibu nami. "Mwalimu," alisema, "mimi ninao senene." Mama yake alikuwa amemkaangia mkebe mzima katika msimu wa Novemba, kwa chumvi na vitunguu, akauficha chini ya nguo zake kwa njaa ya safarini. Asubuhi ile alikuwa nao mkobani. "Tumpelekee bibi aonje. Akitema, mtakuwa sawasawa."

Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa senene. Lakini mtu wa pwani akiona mkebe uliojaa panzi, miguu na mabawa vimeng'olewa, huona kile nilichokiona mimi katika doriani. Kiongozi alituma uso wake upande mwingine. Hata hivyo alitusindikiza.

Nalipiga goti mbele ya kigoda nikamwambia bibi kwamba hiki ndicho chakula tunachokipenda kwetu, ambacho wageni wengi hukitema, na kwamba sitamlaumu akikataa. Akachungulia. "Wadudu?" Nikasema: "Panzi, bibi. Ni jamaa wa nzige." Akamgeukia mzee aliyeuza ndimu upande wa pili: "Sheikh, nzige vipi?" Mzee yule akajibu bila kuinua macho kutoka katika ndimu zake kwamba nzige ni halali kama samaki, wala hachinjwi. Bibi akasema: "Bismillahi," akachukua mmoja kwa mkono wa kulia.

Alitafuna kwa muda mrefu sana. Alifumba macho. Wauzaji wote wa safu ile walikuwa wamesimama. Alimeza, akanyamaza, kisha akasema: "Chumvi imezidi." Akachukua wa pili.

Hapo soko lilicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Bibi akafunua gunia, akakata kipande kidogo kuliko cha kwanza. "Usivute pumzi," alisema. "Meza mwanzo, harufu ije nyuma." Nalifanya hivyo. Sitawadanganya wasomaji kwamba ni tamu. Lakini nyuma ya harufu ile mna kitu kama maziwa na lozi, nami nalikimeza chote, nikaomba kipande cha pili, nikakimeza nacho. Wanafunzi kumi na mmoja wakapanga mstari. Watatu walipenda kweli, wanne walisema wamependa, na waliobaki walitumia karatasi, wamegeuka pembeni, kama ilivyoagizwa.

Bibi aliomba mkebe ubaki, ili wajukuu wake waone ni nini watu wa bara wanakula. Msichana akasita, kwa sababu mkebe ulikuwa wa mama yake, akauacha. Asubuhi ya pili, tulipokuwa tunangoja meli, kiongozi alikuja mbio bandarini na mkebe mkononi. Ulikuwa umeoshwa na kujazwa kungumanga na karafuu kavu mpaka juu, na kifuniko kimefungwa kwa uzi. Mpakani askari wa forodha aliufungua, akanusa, akaufunga tena.